Mazungumzo ya Nyumbani: Mbwa Mzima Apelekwe kwa Mganga kwa Nini?



Jumamosi iliyopita nilishuka pwani ya ziwa kununua dagaa. Penye mitumbwi nilimkuta mzee mmoja, jirani yangu wa siku nyingi, ameketi akishona wavu wake, na mbwa wake amelala miguuni pake. Tulisalimiana kama ilivyo desturi, tukaulizana habari za nyumbani na za watoto. Kisha nikamwambia, "Mzee, Jumamosi ijayo mganga wa wanyama atakuja mtaani kwetu. Tumepatana naye awachome mbwa wote sindano ya kinga. Nawe tafadhali umlete huyu wako."

Mzee akacheka mpaka akauachilia wavu. "Mwalimu," akasema, "mimi nimefuga mbwa tangu ningali kijana kule Moba. Mbwa akiugua hula majani, akatapika, akapona. Asipopona hufa, nami nikatafuta mwingine. Huyu hapa ni mzima. Anakula, anabweka, na usiku hakuna mwizi athubutuye kupita. Mbwa mzima apelekwe kwa mganga kwa nini?"

Waliokuwa karibu wakacheka pamoja naye. Nami sikuudhika, kwa maana swali lile si la kipumbavu. Ni swali la watu wengi katika mji wetu wa Kalemie, na nadhani katika miji mingine pia. Mtu akiumwa na kichwa huenda kwenye zahanati, lakini asipoumwa hukaa kwake. Basi kama binadamu mwenyewe haendi kwa mganga akiwa mzima, itakuwaje mbwa, au paka anayelala jikoni karibu na majivu? Swali hili lastahili jibu la heshima, tena jibu la taratibu. Ndilo nitakalo kulitoa leo katika ukurasa huu.

Lakini kabla sijajibu, sharti nikiri jambo langu mwenyewe.

Kosa la mwalimu

Miaka kadhaa iliyopita, nilipokuwa nikifundisha darasa la nne katika shule ambayo sitaitaja, nilikuwa na mwanafunzi mmoja mpole sana, hodari wa hesabu. Asubuhi moja alikuja na kitambaa kidoleni. Nikamwuliza, "Umefanya nini?" Akajibu, "Mbwa wetu mdogo aliniuma, Mwalimu, lakini kidogo tu." Nikasema, "Pole," kisha nikaendelea na imla. Basi. Hayo ndiyo yote niliyoyafanya.

Baadaye ndipo nilipoyajua mengine. Mbwa yule alikuwa mtoto wa miezi mitatu, zawadi ya mjomba aliyetoka kijijini. Baada ya kumwuma mtoto alikaa siku chache tu, akikataa chakula na kudondosha mate, kisha akafa. Baba wa nyumba alimzika nyuma ya ua, wala hakuna aliyejiuliza alikufa kwa nini, kwa sababu watoto wa mbwa hufa mara nyingi. Mama alilifunga jeraha kwa kitambaa, nalo lilipona vizuri kabisa. Mtoto aliendelea kuja shuleni, akicheza mpira na kusoma kama wenzake.

Kadiri ya miezi miwili ikapita. Siku moja hakuja. Siku ya pili nilikwenda kumtazama nyumbani kwao. Nilimkuta ameketi mkekani, macho yake yamejaa hofu. Mama yake alimletea kikombe cha maji, na mtoto, ambaye alikuwa na kiu, alipokiona tu koo lake lilikazana na mwili wote ukatetemeka. Alinitazama akasema, "Mwalimu, siwezi." Tulimpeleka hospitali siku ile ile. Mganga alimwangalia, akauliza kama ameumwa na mbwa, na tulipomjibu ndiyo, alikaa kimya. Siku ya tatu tulimzika.

Tangu siku hiyo nimejua kwamba mtoto yule angaliweza kuokolewa mara tatu. Angaliokolewa kama mbwa angalichomwa sindano. Angaliokolewa kama jeraha lingalioshwa vema kwa sabuni na maji saa ile ile. Angaliokolewa kama mtu mzima mmoja, nami nikiwamo, angalisema asubuhi ile, "Mbwa amekuuma? Twende hospitali sasa hivi." Sitaki mwalimu mwingine, wala mzazi mwingine, ayajue mambo haya kwa njia niliyoyajua mimi.

Ugonjwa wenyewe

Ugonjwa ule huitwa kichaa cha mbwa. Wengine hudhani ni uchawi, au hasira ya mnyama aliyepigwa, au jua kali lililomwingia kichwani. Sivyo. Ni kijidudu kidogo sana, kisichoonekana hata kwa hadubini ya kawaida, nacho hukaa katika mate ya mnyama mgonjwa. Mnyama akiuma, mate huingia katika jeraha. Vilevile yaweza kuingia akiramba mahali penye mkwaruzo, au akiramba midomo na macho.

Kijidudu hicho hakisafiri kwa njia ya damu kama malaria. Huingia katika mishipa ya fahamu, kikapanda polepole kuelekea ubongo, kama mtu apandaye kilima kwa miguu. Safari hiyo kwa kawaida huchukua miezi miwili au mitatu, lakini yaweza kuwa juma moja tu, au hata mwaka mzima. Jeraha likiwa usoni au shingoni, njia huwa fupi. Ndiyo sababu watoto wadogo, ambao uso wao hulingana na kinywa cha mbwa, wamo katika hatari kubwa kuliko watu wazima.

Sasa tazameni jambo hili kwa makini. Kijidudu kikiwa bado njiani, sindano zaweza kukizuia, na mtu akabaki mzima. Kikiisha kufika ubongoni na dalili zikaonekana, yaani homa, wasiwasi, kuogopa maji na upepo, hakuna tena dawa iliyo thabiti, na karibu kila mgonjwa hufa. Mlango huo hukaa wazi kwa muda, kisha hufungwa. Kidonda kilichopona si dalili ya usalama.

Shirika la Afya la Ulimwengu, ambalo sisi huku huliita OMS, hukadiria kwamba watu wapatao 59,000 hufa kwa ugonjwa huu kila mwaka, walio wengi katika Afrika na Asia. Katika kila watu 100 wanaoumwa na wanyama wanaodhaniwa kuwa na kichaa, 40 ni watoto ambao hawajatimiza miaka 15. Tena katika kila watu 100 wanaoupata, 99 huupata kwa mbwa: si kwa simba, si kwa fisi, ila kwa mbwa yule yule alalaye mlangoni petu. Na sisi wa Kongo tusidhani kwamba hizo ni habari za mbali. Mwaka 2014 waganga wa Kinshasa walichapa habari za watoto 21 walioletwa na ugonjwa huu katika hospitali moja ya mji mkuu. Wote walikufa.

Zamani hawakuwa na kitu, sisi tunacho

Katika nchi ya Ubelgiji, kwa karne nyingi, watu walioumwa na mbwa wenye kichaa walikimbilia maombezi ya Mtakatifu Huberto, askofu wa Liège, aliyefariki mwaka 727. Pamoja na sala, walilichoma jeraha kwa chuma cha moto kilichoitwa ufunguo wa Mtakatifu Huberto. Tusiwacheke wazee wale. Walitumia walichokuwa nacho, nao hawakuwa na kingine.

Kisha, tarehe 6 Julai mwaka 1885, kijana wa miaka 9 aitwaye Joseph Meister aliletwa Paris na mama yake. Alikuwa ameumwa mara nyingi na mbwa siku mbili kabla. Mtaalamu Louis Pasteur alikuwa ametengeneza dawa ya kinga akaijaribu kwa mbwa, lakini hakuwa amethubutu kuitumia kwa binadamu mwenye hali kama ile. Alitaka shauri la madaktari wawili, nao wakamwambia kwamba mtoto atakufa asipojaribiwa. Wakamchoma sindano siku baada ya siku, jumla yake 13. Mtoto akaishi, akawa mtu mzima, na baadaye akawa mlinzi wa nyumba ile ile ya elimu iliyochukua jina la Pasteur.

Pasteur mwenyewe alifariki tarehe 28 Septemba 1895, na siku hiyo ya 28 Septemba imekuwa siku ya kukumbusha ulimwengu mzima juu ya kichaa cha mbwa. Basi kinga imejulikana kwa muda wa zaidi ya karne moja. Akifa mtoto leo, hafi kwa sababu watu hawajui dawa. Hufa kwa sababu dawa haikumfikia, au kwa sababu sisi hatukumfikisha kwenye dawa.

Mara moja haitoshi: kisa cha Pemba

Sasa narudi kwa mzee wangu wa ufukoni. Huenda akasema, "Vema, Mwalimu, nimlete mara moja, nisisumbuliwe tena." Kwa hilo nitamsimulia habari ya Pemba.

Pemba ni kisiwa cha Zanzibar, katika bahari ya Hindi. Mbwa wa huko si wengi, kwa maana wenyeji walio wengi ni Waislamu, na wengi wao hawapendi kukaa na mbwa ndani ya nyumba. Hata hivyo kichaa kiliingia, na watu wakafa. Kuanzia mwaka 2010 waganga wa wanyama walizunguka vijijini wakiwachoma mbwa sindano, na kufika mwaka 2014 ugonjwa ulikuwa umetoweka kabisa. Watu wakafurahi. Lakini mbwa huzaa, na wale waliochomwa huzeeka na kufa. Kampeni zikalegea. Mwaka 2016 mbwa wenye ugonjwa waliingia tena kutoka nje ya kisiwa, wakawakuta mbwa wengi wasio na kinga, nao moto ukawaka upya. Ilibidi kuanza tena, nyumba kwa nyumba, mpaka mwaka 2018 ugonjwa ulipozimwa mara ya pili.

Mafundisho yake ni mawili. La kwanza, kichaa cha mbwa chaweza kushindwa hata na watu wasio matajiri. La pili, hakishindwi mara moja kwa daima. Kinga ya mbwa ni kama paa la majani: usipolitazama kila mwaka, mvua itakuonyesha mahali pabovu. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Wataalamu hutuambia kwamba yatosha kuwachoma mbwa 70 katika kila 100, mwaka kwa mwaka, ili ugonjwa ukose njia ya kupita. Wanafunzi wangu, hii ni hesabu yenu. Kama mtaani kwenu mna mbwa 40, yapasa wangapi wachomwe? Zidisheni 40 kwa 70, mgawanye kwa 100, mtapata 28. Sasa tokeni mkawahesabu mbwa wa mtaa wenu kweli kweli, mwulize kila nyumba wangapi wamechomwa mwaka huu. Mkileta jibu shuleni, nadhani mwalimu wenu atastaajabu.

Wengine husema, "Dawa ni kuwaua mbwa wote." Jambo hili limejaribiwa mahali pengi, wala halikuumaliza ugonjwa. Ukiwaua mbwa wa mtaa, nafasi yao hujazwa upesi na wengine wasiojulikana, tena wasio na kinga. Na wenye nyumba huwaficha mbwa wao wawaonapo wauaji, hata baadaye huwaficha mbele ya mganga pia. Mbwa aliyechomwa sindano, akikaa mlangoni pako, ni mlinzi wa mtaa mzima.

Mganga hatazami kichaa tu

Mkimwita mganga wa wanyama, msidhani kwamba kazi yake ni kuchoma sindano akaondoka. Mbwa hasemi. Hawezi kukuambia, "Bwana, tumbo laniuma." Ni mtu aliyejifunza ndiye asomaye mwilini mwake yale ambayo mnyama hawezi kuyasema.

Kwanza atatazama ufizi. Ufizi wa mbwa mzima ni mwekundu kidogo. Ukiwa mweupe, damu imepungua. Mara nyingi sababu yake ni kupe, ambao hunyonya damu na kuleta homa. Atapekua ndani ya masikio na kati ya vidole, maana ndiko kupe wajifichako. Atatazama ngozi kama ina upele au viroboto.

Pili atauliza juu ya minyoo. Hapa, enyi akina mama, sikilizeni. Watoto wengi wa mbwa huzaliwa wakiwa na minyoo waliyoipata tumboni mwa mama yao. Mayai ya minyoo hiyo hutoka pamoja na mavi, yakakaa katika mchanga siku nyingi. Mtoto wako achezaye uani akitia vidole kinywani, huyameza. Tumboni mwa binadamu minyoo hiyo haikui kama katika mbwa, lakini viluwiluwi vyake hutangatanga mwilini, vikaingia katika ini, na pengine hata katika jicho. Kwa hiyo watoto wa mbwa wapewe dawa ya minyoo mara nyingi wakiwa wadogo, na mbwa wakubwa mara nne kwa mwaka. Mavi yao yazikwe, wala yasiachwe uani. Na kila mtoto anawe mikono kabla ya kula bukari.

Tatu, kwa wale wenye mbwa wa kuwindia, mganga atatazama macho. Huko porini wako mbung'o, wadudu wale wale waletao malale kwa watu, nao humwambukiza mbwa pia. Mbwa hukonda, hupata homa, na macho yake huwa na ukungu wa buluu. Wawindaji wengi husema, "Amerogwa." Hajarogwa. Ameumwa na mbung'o, na akiwahiwa mapema yuko mganga awezaye kumsaidia.

Nne, iko homa ya mbwa inayoua watoto wao kwa wingi, ambayo nayo ina chanjo yake. Katika mwaka 1994, ugonjwa huo uliwaua simba wapatao 1,000 wa Serengeti, katika nchi ya Tanzania, yaani theluthi moja ya simba wote wa mahali pale, na wataalamu waliutafuta mwanzo wake katika mbwa wa vijiji vya jirani. Kama ugonjwa wa mbwa wa nyumbani waweza kumwangusha simba, nani atasema kwamba afya ya mbwa ni jambo dogo?

Na paka wasisahauliwe. Paka naye huuma na kukwaruza, naye hupata kichaa akiumwa na mbwa mgonjwa. Mpelekeni siku ile ile, katika kikapu chenye kifuniko.

Jinsi ya kufanya

Naanza na mbwa. Mtoto wa mbwa akitimiza miezi mitatu, achomwe sindano ya kichaa. Arudiwe kwa siku atakayoitaja mganga, kwa kawaida mwaka kwa mwaka. Ombeni kadi yenye tarehe na jina la dawa, mkaiweke pamoja na kadi za chanjo za watoto wenu, isipotee. Mkumbuke pia kwamba chanjo hupenda baridi. Ikikaa juani au katika mfuko wa mchuuzi, huharibika, ikawa kama maji. Kwa hiyo msinunue sindano sokoni kwa mtu msiyemjua. Mtafuteni mganga wa wanyama anayetambuliwa na serikali, ambaye huileta katika sanduku la barafu.

Gharama je? Najua hali zetu. Lakini mganga akija kwa mbwa mmoja, nauli yake huwa ya mtu mmoja. Akija kwa mbwa 30, nauli hugawanywa kwa watu 30. Ndivyo tulivyofanya sisi. Tulikubaliana siku moja, mahali pamoja, chini ya mwembe mmoja, kila mtu na mbwa wake amefungwa kamba. Hata jumuiya ndogo yaweza kufanya hivyo bila kungoja mradi wala mgeni kutoka mbali.

Jifunzeni pia kumtambua mbwa mgonjwa. Mbwa mpole anakuwa mkali ghafula, au mkali anakuwa mpole mno na kumfuata kila mtu. Sauti ya kubweka kwake inabadilika. Anatafuna vijiti, udongo na kamba yake. Anadondosha mate, taya limelegea, kama aliyekwamwa na mfupa kooni. Hapo watu wengi hukosa: humhurumia, wakatia mkono kinywani kuutafuta mfupa. Msifanye hivyo kamwe! Mfungieni mahali bila kumgusa, mkamwite mganga.

Na sasa kuhusu mtu aliyeumwa. Someni maneno haya kwa sauti nyumbani, watoto wasikie.

Kwanza, jeraha lioshwe papo hapo kwa sabuni na maji mengi, kwa muda wa robo saa. Msio na saa, hesabuni kadiri ya kusali makumi matano ya rozari. Jeraha liwe dogo kama tundu la sindano, lioshwe vivyo hivyo. Sabuni hukiua kijidudu, na maji hukiondoa.

Pili, msitie pilipili, wala petroli, wala majani yaliyosagwa. Wala msitegemee jiwe jeusi, ambalo wengi wetu tumelijua tangu utoto kama dawa ya nyoka. Jiwe halitoi kichaa cha mbwa mwilini. Huwapotezea tu saa ambazo mngekuwa njiani kwenda hospitali.

Tatu, nendeni kituo cha afya siku ile ile, mkaeleze, "Ameumwa na mbwa." Kama kituo hakina chanjo, msirudi nyumbani, ulizeni iko wapi, mkaende huko. Sindano ni kadhaa, kila moja ina siku yake, wala isikosekane hata moja. Jeraha likiwa kubwa, au likiwa usoni, mganga atataka kutia na dawa nyingine jerahani.

Nne, msimuue mbwa aliyeuma, kama mwaweza kumfungia salama. Mganga wa wanyama atamwangalia kwa siku 10. Akimaliza siku hizo akiwa mzima, yajulikana kwamba siku alipouma hakuwa na kichaa katika mate yake, na mganga wa watu aweza kuzisimamisha sindano. Lakini msingoje siku 10 ndipo muanze! Anzeni kwanza, mkingojea jibu.

Na ninyi watoto, neno langu la mwisho ni kwenu. Mtoto akiumwa na mbwa mara nyingi huficha, kwa sababu alikuwa akimchokoza, au alikatazwa kwenda mahali pale, naye aogopa kupigwa. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Semeni! Na ninyi wazazi, mtoto akija na habari hiyo, siku hiyo asipigwe. Atalia kwa sindano, mvumilieni. Mchelea mwana kulia, hulia yeye.

Hilo ndilo jibu langu kwa mzee wa ufukoni. Mbwa mzima hupelekwa kwa mganga kwa sababu akiisha kuwa mgonjwa tumechelewa, na aliyechelewa si mbwa peke yake. Nilimweleza hayo yote penye mitumbwi, nikamsimulia na habari ya mwanafunzi wangu. Hakucheka tena. Alimtazama mbwa wake, kisha akamtazama mjukuu wake wa kike, mwenye miaka kama minne, aliyekuwa akimvuta mbwa masikio.

"Umesema Jumamosi, Mwalimu?" akauliza.

"Jumamosi, Mzee. Saa mbili asubuhi, chini ya mwembe."

"Nitakuja. Lakini kamba uilete wewe, maana huyu hajafungwa kamba tangu kuzaliwa."

Nimekwisha kuinunua kamba. Nanyi, wasomaji wapenzi, ulizeni leo kama mtaani kwenu yuko mwenye kuyapanga mambo haya; na kama hayuko, aanze yeye asomaye maneno haya. Tuonane juma lijalo.